Jina Nililompa Mzee wa Litungu

Mimi mdomo wangu ni mwepesi na sijawahi kuuficha. Stendi ya Bunda yote wananijua hivyo. Abiria akija dirishani kuniuliza basi linaondoka saa ngapi, namwambia muda umeandikwa hapo juu ya kichwa chako, kaka, inua shingo. Miaka tisa nimekaa kwenye lile dirisha la tiketi, nimegombana na wapiga debe, makondakta, trafiki, hata mchungaji mmoja aliyetaka kukaa kiti cha mbele bila kukilipia, na hakuna aliyenishinda kwa maneno. Nasema haya mapema ili mtu asije akanionea huruma. Siku niliyotakiwa kusema sentensi moja tu nikanyamaza, siyo kwamba nilikosa maneno.

Pale stendi walikuwepo mzee mmoja na mkewe. Mzee anapiga litungu na kuimba, mama anacheza. Kwao ni huko ndani Butiama, lakini walikuwa wamepanga chumba Bunda kwa sababu Bunda ndipo mabasi yanapumzika. Ya Mwanza yakienda Musoma, ya Musoma yakienda Mwanza, yote yanasimama robo saa watu wachimbe dawa na wanunue mahindi ya kuchoma. Robo saa hiyo ndiyo ilikuwa shamba lao. Mzee anakalia kreti la soda, litungu amelikumbatia kifuani, lile la nyuzi nane lililowambwa ngozi ya ng'ombe, na mguu wa kulia una njuga. Mama anakaza kanga kiunoni, halafu mabega yanaanza. Mwanamke wa miaka sitini, nakwambia, mabega yanatetemeka mpaka unasikia kizunguzungu wewe unayetazama, na uso wake umetulia kama anachambua mchele.

Lakini kilichokuwa kinawaua watu ni majina. Basi linaingia, halijazima hata injini, mzee anaanza kumwimba mtu aliyemo ndani ambaye hajawahi kumtia machoni. Anamtaja jina, anamtaja baba yake, anataja kwao, anataja babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Kwetu litungu likikutaja wewe na baba yako, unaitika. Huwezi kukaa kimya kama gogo. Mwenye aibu anakohoa na kutoa mkono dirishani. Mwenye damu anashuka, anacheza mbele za watu, anamtunza mama, anarudi kwenye kiti chake amevimba kichwa. Nimeshamwona bwana mkubwa wa ofisi ya serikali ameshuka na tai yake shingoni, anatikisa mabega kwenye vumbi mpaka dereva akagoma kupiga honi. Watu wakawa wanaulizana, huyu mzee kawajuaje? Wengine wakasema ana dawa.

Dawa yenyewe nilikuwa mimi.

Kondakta alikuwa ananitumiaga picha ya orodha ya abiria kwenye simu, ili nijue viti gani viko wazi. Sasa mimi nimezaliwa Butiama, shangazi zangu wameolewa mpaka Kiriba, na nimelelewa na bibi aliyekuwa anajua nani kamzaa nani kuanzia ziwani mpaka milimani. Nikisoma jina la pili la mtu najua ukoo wake, na mara nyingi najua hata boma. Mama anakuja dirishani kama anaomba maji ya kunywa, namnong'oneza majina mawili matatu na habari zake, naye anaenda kumnong'oneza mzee. Hawakuwa wananilipa. Nilifanya kwa raha. Mtu anashuka kwenye basi anacheza jina la baba yake, na mimi nimekaa ndani nyuma ya nondo najua kwamba ni kazi yangu. Nilijiona fundi kweli kweli.

Na ilikuwa imekatazwa. Tajiri wa basi alishatuambia orodha ni siri, na dada wa dirisha la jirani alifukuzwa kazi kwa kumpa mtu namba ya simu ya abiria. Nilikuwa najua. Ila nilikuwa najiambia mimi sitoi namba, mimi natoa sifa, na sifa haijawahi kumwibia mtu.

Halafu akaja yule baba mpima pamba. Bunda nzima inamjua, kwa sababu msimu wa pamba wakulima wote wanapita kwenye mzani wake, na alikuwa na sifa moja adimu: alikuwa hachezi na mzani. Alikuja dirishani amekonda, koti limemzidi, anakwenda Mwanza hospitali.

"Nikatie na ya kurudi kabisa," akaniambia.

"Baba, ya kurudi si utakata ukiwa huko? Hospitali hawatabiriki."

"Nikatie ya Ijumaa ya wiki ijayo. Nikiwa na tiketi mfukoni itabidi nirudi. Na unipe kiti cha dirishani, nione pundamilia pale kwenye geti la mbuga."

Nikacheka, nikamkatia. Kiti namba kumi na nne. Akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaupapasa mfuko kwa kiganja.

Ijumaa ile orodha ikaingia kwenye simu kama saa nne asubuhi. Nikaikuza kwa vidole, nikaona kiti cha kumi na nne, jina lake, alama ya tiki pembeni kwamba mtu amepanda. Nilipiga kelele peke yangu mle ofisini. Karudi! Nikajua amepona. Sikuwa na sababu nyingine ya kujua zaidi ya hiyo tiki, lakini nilijua, kama ninavyojuaga kila kitu.

Mama alipokuja kuomba maji nikamwambia leo nina moja tu, lakini mzee aliimbe kutoka tumboni. "Mpima pamba. Ametoka hospitali amepona. Mzee amwambie ashuke acheze watu wamwone."

"Una uhakika, mwanangu?"

Alikuwa anauliza hivyo kila siku. Nikamjibu kwa mkato, kama ninavyojibu watu. "Mama, tiketi nimeikata mimi mwenyewe kwa mkono wangu."

Basi likaingia. Mzee akaanza, na nadhani hajawahi kupiga vile. Akamwita mpima pamba mwana wa fulani, mtu wa Butiama, mtu ambaye mzani wake haukumdhulumu yatima. Akaimba kwamba ugonjwa ulimkamata ukamwona mzito, ukamwacha. Akaimba, shuka baba, shuka utuonyeshe hiyo miguu. Stendi ile watu wanamjua yule baba. Wauza mahindi wakaacha majiko yao, wapiga debe wakaja, mafundi simu wakaja, wakatengeneza njia mpaka mlangoni kwa basi, wanapiga makofi.

Akashuka mkewe. Kichwani amejifunga kanga, amebeba lile koti la mumewe mkononi. Alikuwa peke yake pale mlangoni, na watu wakazidisha makofi, kwa sababu walidhani mume yuko nyuma yake. Mama akamwendea kwa mabega mpaka karibu kabisa, akampigia vigelegele usoni.

Yule mwanamke hakulia. Aliangalia huku na huku, akakaa chini palepale kwenye ngazi ya basi, akanyoosha miguu kwenye vumbi kama watu wanavyokaa msibani. Nyuma yake akatokea wifi yake. Huyo ndiye aliyesema.

"Mnamwita nani? Yuko mochwari. Kaka zake wanamleta kesho."

Baadaye nilijua yote. Alifariki Alhamisi. Ndugu wakabaki kushughulikia karatasi za hospitali, wakawatanguliza wanawake ili nyumbani kuwe na wa kupokea waombolezaji. Tiketi ilikuwa imeshalipiwa, ipo mfukoni kwake, mkewe akaitumia. Nani angeitupa? Ningekuwa mimi ningeitumia.

Mzee alibana nyuzi zote kwa kiganja. Makofi yakaisha vibaya, mmoja mmoja, kwa sababu wa nyuma walikuwa hawajasikia. Wifi mtu akamsogelea mzee, akamwuliza kwa sauti ambayo stendi nzima iliisikia, "Nani kakwambia kapona?"

Mzee akainua macho akaangalia dirisha langu.

Mimi nikainama. Nilijifanya nimeangusha kitu. Nilichuchumaa chini ya meza kati ya boksi la risiti na miguu yangu mwenyewe, nimeshika kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Nikiwa kulekule chini nikasikia mzee anajibu.

"Hakuna aliyeniambia, mama. Nimekosa mimi. Ni uzee."

Jamani. Angeweza kunitaja. Kutaja watu ndiyo kazi yake, angenitaja mimi na baba yangu na babu yangu na boma letu, na ningestahili. Hakunitaja. Nilipoinuka alikuwa amevua kofia, amekaa chini kwenye vumbi karibu na yule mjane, na mama amejifunika uso kwa kanga aliyokuwa anachezea.

Kama angefanya kosa mtu mwingine, watu wangesahau. Lakini mtu wa litungu kumwita maiti acheze, kwetu hilo siyo kosa dogo. Kufika Jumatatu ilikuwa imeshapata jina: mzee anaita wafu. Wakasema yule baba alikuwa anapumua bado, mzee akamwita, ndiyo akaenda. Ukiwaambia alikufa Alhamisi na mzee kaimba Ijumaa, wanakuangalia kama hujasoma. Mzee akisogelea basi, vioo vinafungwa. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake masikio. Harusi mbili alizokuwa ameitwa wakamwambia wamepata muziki mwingine. Na mimi niko dirishani naona yote. Maji mama alikuwa haji tena kuomba.

Basi mwenyekiti wa stendi akaita kikao, asubuhi, ofisini kwake. Tulikuwa wanne tu: yeye, mzee, mama, na mimi, kwa sababu dirisha langu ndilo la karibu na lile kreti. Mwenyekiti si mtu mbaya. Alisema wazi: "Mzee, kama kuna mtu alikupa hilo jina vibaya, tuseme. Nitasimama mwenyewe nitangaze kwenye spika, watu wajue ulidanganywa, na uendelee na kazi yako. Kama ulilitoa kichwani mwako, basi watu watakuogopa na mimi sina la kufanya." Halafu akanigeukia. "Dada, wewe upo palepale. Kuna mtu ulimwona anampa mzee jina?"

Mambo yote yalikuwa hapo. Kazi ya mzee, jina lake, chumba chao cha Bunda, vyote vilikuwa kwenye mdomo wangu mwepesi. Ningesema ni mimi, ningefukuzwa kazi, labda. Nina watoto wawili, baba yao yuko Geita na simu yake haipatikani. Hiyo ndiyo sababu ninayompaga mtu ninapojitetea kichwani. Lakini ukweli wenyewe ni mdogo na mbaya zaidi. Niliona aibu. Nilishawaona akilini watu wa Bunda wakija dirishani wanasemezana, huyu ndiye aliyefanya mjane apigiwe makofi.

"Mimi nilikuwa na abiria dirishani," nikasema. "Sikuona kitu."

Mzee alikuwa anaangalia sakafu. Mama alikuwa ananiangalia mimi. Hakuna hasira niliyoiona pale, afadhali ningeiona. Alikuwa ananingoja, kama mtu anayengoja mtoto amalizie sentensi.

Mwenyekiti akasema mzee apumzike kwanza mpaka watu wasahau. Wiki hiyohiyo wakarudisha chumba, wakarudi Butiama na godoro lao juu ya kilori cha kanta. Niliwaona wanapakia. Nilifunga dirisha nikasema naenda kula.

Mwaka ukaisha. Nilianza kuwa mkali kuliko kawaida, mpaka mpiga debe mmoja akaniambia dada siku hizi unauma. Nilikwenda kuungama kanisani, padri akaniambia vizuri tu: umeniambia mimi, sasa mwambie anayehusika. Nikanunua sukari kilo tano, kanga doti moja, sabuni, nikapanda pikipiki mpaka kwao.

Nilimkuta mzee anamenya mihogo. Litungu limening'inizwa ukutani, nyuzi zimetolewa. Mama akanipokea mizigo akasema karibu mwanangu, umekonda, na mimi hapohapo nikaanza kulia kabla sijakaa. Nikasema yote. Orodha, tiki, meza, kalamu, kikao. Mzee akaendelea kumenya mpaka nikamaliza.

"Kukosea jina siyo neno," akasema. "Mimi nimeshawahi kuimba harusi nzima namsifia bibi harusi wa nyumba ya pili. Walinikimbiza na fimbo." Akacheka kidogo, mama naye akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Ila siku ile uliinama. Mimi nilikuwa nakuangalia siyo nikutaje. Nilikuwa nakuangalia nione kama nina mtu."

Nikainama tena, nikaanza kuokota maganda ya mihogo. Mimi!

"Sasa," akasema, "hapa kijijini bado wananisalimia kwa mbali. Nikienda kilabuni watu wanakumbuka wana kazi. Nikisema mwenyewe kwamba nilidanganywa, ni mzee anajitetea. Ukisema wewe, ndiyo neno. Utamwambia mwenyekiti?"

"Nitamwambia, baba. Jumatatu."

"Haya," akasema, na uso wake ulifunguka mpaka nikatazama pembeni.

Mama akachinja kuku. Nilisema jamani msisumbuke, kwa adabu tu, huku nimeshakaa vizuri. Chakula kilipoletwa mzee akachukua firigisi, ambayo nyumbani kwetu ni ya baba na hakuna mwingine anaigusa, akaniwekea kwenye sahani yangu. Nikaila. Nakumbuka hata ilivyokuwa na chumvi.

Jumatatu nilikwenda kweli ofisini kwa mwenyekiti. Nataka ijulikane kwamba nilikwenda. Nilibisha hodi, akasema pita, nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Alikuwa anakunywa chai.

"Enhe dada, kulikoni?"

Nikafungua mdomo. Nikamwambia bati la juu ya dirisha langu linavuja, mvua ikinyesha risiti zinalowa. Akaandika kwenye daftari lake, akasema atamtuma fundi. Nikamshukuru. Nikatoka. Fundi alikuja siku ya pili akaligonga bati misumari minne, na mimi nilikaa chini yake nakata tiketi.

Jumatano mchana simu ikaita. Mama.

"Mwanangu, mzee anasema asante."

"Ya nini, mama?"

"Si ulikwenda Jumatatu? Jana ametuma mtu Musoma kamletea mshipi mpya wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, ameshafunga nyuzi zote nane. Tangu asubuhi anaimba, mbuzi hawalishwi humu. Anauliza, wamesemaje? Kesho tuje na gari la saa ngapi?"

Mbele yangu kulikuwa na foleni ya watu sita. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na simu, na ofisi ya mwenyekiti iko hatua ishirini.

"Mama, mwambie asubiri kidogo," nikasema. "Bado wanalijadili."

"Wanalijadili!" Alifurahi kabisa. Nikamsikia anageuka, anapaza sauti kuelekea uani, "Baba! Wanalijadili!" Litungu lililokuwa linasikika nyuma yake likanyamaza, mzee akasema kitu ambacho sikukipata, wakacheka wote wawili. Halafu akanirudia.

"Anasema hana haraka, mwanangu. Atangoja."

Imepita miezi saba.